Konrodi za titaniamu au za chuma cha 4340?

Injini ikipanda kutoka mizunguko 6,000 kwa dakika hadi 9,000, mvuto unaoikaza konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki) pistoni inapogeuka juu huongezeka mara 2.25. Usidhani mwinuko wa Nakuru, mita 1,850 hivi, utakuokoa: hewa nyepesi hupunguza nguvu ya mlipuko, haipunguzi mvuto huo.

Hapo ndipo titaniamu hulipa. Aloi ya titaniamu iitwayo Ti-6Al-4V ina gramu 4.43 kwa kila sentimita ya ujazo, chuma cha 4340 (chuma chenye nikeli, kromi na molibdeni) 7.85. Honda walitumia konrodi za titaniamu kwenye gari lao la michezo, NSX ya 1990, iliyofika mizunguko 8,000. Lakini titaniamu hupinda kirahisi karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo konrodi hutengenezwa nene na sehemu ya faida hupotea.

Balaa lake ni mbavu za kichwa kikubwa, yaani ncha ya konrodi inayoshika kranki. Zikisuguana na kranki bila koti la kromi nitraidi, titaniamu hung'ang'ania na kuchubuka. Koti likiisha, usiendelee nazo. Wala usizigonge namba kwa patasi. Ufa huanzia kwenye mkwaruzo kama huo.

Chuma husamehe zaidi. Karakana yenye mashine nzuri itachonga upya kichwa kikubwa, itabadilisha bushi na kutafuta nyufa kwa sumaku. Titaniamu haishiki sumaku, inahitaji rangi ya kupenya, inayoingia kwenye nyufa na kuzionyesha.

Kwa gari la mashindano lisilovuka 8,000, nunua 4340, na pesa inayobaki iende kwenye bolti bora. Zikaze ukipima urefu zinavyonyooka kwa maikromita. Spana ya toki pekee hudanganywa na mafuta kwenye nyuzi.