Mwaka nyumbani, miezi Nairobi: tathmini ya shahada shirikishi ya uzamili ya uchumi

Shahada ya uzamili ya uchumi inayotolewa kwa ushirikiano wa vyuo vikuu vya Afrika chini ya AERC (taasisi ya utafiti wa uchumi yenye makao yake Nairobi), shahada ambayo waliosoma huiita CMAP, ni huduma ngumu kidogo kuitathmini, kwa sababu haina jengo moja ambalo mtu anaweza kulinyooshea kidole na kusema, "Pale ndipo niliposoma." Cheti hutolewa na chuo kikuu cha mwanafunzi mwenyewe, masomo ya msingi hufundishwa katika chuo kinachoshiriki, masomo ya kuchagua hufundishwa mahali pamoja na walimu kutoka nchi mbalimbali, kisha tasnifu huandikwa nyumbani. Naandika kama mtu aliyeipitia akitokea Dar es Salaam, na ambaye tangu hapo amekuwa akiulizwa na wadogo zake wa kitaaluma swali lile lile: inafaa, au ni bora kutafuta nafasi ng'ambo?

Ili kujibu kwa haki, ni lazima kujua tatizo lililokusudiwa kutatuliwa. AERC ilianzishwa mwaka 1988, wakati serikali nyingi za Afrika zilikuwa zimebanwa na masharti ya marekebisho ya uchumi, mishahara ya wahadhiri ilikuwa imeporomoka, na walioweza kuondoka walikuwa wakiondoka. Mazungumzo kuhusu thamani ya shilingi, ruzuku na madeni yalifanyika mezani ambako upande mmoja ulikuwa na wachumi wengi na upande wa pili ulikuwa na wachache waliochoka. Kupeleka kijana mmoja mmoja Ulaya au Marekani kulikuwa ghali, na wengi hawakurudi. Idara moja ya uchumi peke yake, kwa upande mwingine, haikuwa na walimu wa kutosha kufundisha uchumi wa afya, uchumi wa kimataifa, nadharia ya fedha, uchumi wa ajira na ekonometria, yaani kupima nadharia za uchumi kwa takwimu, kwa kiwango cha uzamili, na hata kama ingekuwa nao, kila somo lingepata wanafunzi wawili au watatu. Jawabu lililopatikana mwanzoni mwa miaka ya 1990 lilikuwa rahisi kulieleza, japo si rahisi kulitekeleza: kila chuo kifundishe yale ya msingi, halafu wanafunzi wote wakusanywe mahali pamoja kwa yale ambayo hakuna chuo kinachoyamudu peke yake.

Watu wa Afrika Mashariki wana sababu ya kulitazama wazo hili kwa makini. Tuliwahi kuwa na Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichounganisha Makerere, Nairobi na Dar es Salaam kuanzia 1963, na kilivunjwa mwaka 1970 kila nchi ikabaki na chake. Mpango wa AERC umedumu miaka mingi zaidi ya hapo, na nadhani umedumu kwa sababu haukudai kumiliki kitu ambacho nchi zinakionea fahari: jina la chuo, joho na cheti vimebaki kwa wenyewe.

Mwaka wa kwanza hauna cha ajabu. Ni nadharia ya mtumiaji na ya kampuni, uchumi jumla, na mbinu za kihesabu na kitakwimu, kwa mihtasari ambayo vyuo vinavyoshiriki vimekubaliana. Anayetoka shahada ya kwanza akidhani uchumi ni kuchora mikondo miwili inayokatana atapata mshtuko katika wiki ya pili, atakapotakiwa kuthibitisha kwa hesabu jambo ambalo mama muuza genge analijua bila kuandika. Sioni kuwa hilo ni baya. Ninachokiona kuwa upungufu, na hauuhusu mpango huu peke yake bali ufundishaji wa uzamili wa uchumi karibu kila mahali duniani, ni kwamba vitabu vikuu vinavyotegemewa vimeandikwa kwa ajili ya uchumi wenye mikataba ya ajira, hati za mali na taarifa za mapato ya kila kaya. Mwanafunzi anayetoka katika mji ambao machinga, bodaboda na upatu ndio uchumi wenyewe atalazimika kujenga daraja mwenyewe kati ya kitabu na mtaa.

Miezi ya Nairobi, katika kituo cha pamoja cha masomo ya kuchagua ambacho hujulikana kwa herufi JFE, ndiyo kiini cha huduma hii, na hapo ndipo ningemshauri msomaji aweke uzito anapoamua. Mtu huchagua masomo mawili na kuyasoma kwa kasi, bila kazi ya kando na bila shughuli za ukoo. Mwalimu anaweza kutoka Ghana, Zimbabwe au Ethiopia, naye amekuja kwa ajili ya somo hilo tu, kwa hiyo hakuna kisingizio cha kikao cha idara. Waliokaa pembeni yako nao wametoka Addis Ababa, Gaborone, Lilongwe, Accra na Kampala, na kila mmoja amekuja na mgogoro wa uchumi wa kwao kichwani.

Nitatoa mfano mmoja. Katika somo la nadharia ya fedha tulikuwa tumefika kwenye mahitaji ya watu ya kushika fedha taslimu, mada ambayo ubaoni ni mlinganyo wenye kiwango cha riba, kipato na mfumuko wa bei unaotarajiwa. Mwenzetu wa Zimbabwe alinyamaza hadi mwalimu alipomaliza, kisha akatoa katika pochi noti ya dola trilioni 100 za nchi yake, iliyotolewa mwanzoni mwa 2009, akaipitisha dawati kwa dawati. Takwimu rasmi za mfumuko wa bei wa nchi hiyo zilikuwa zimefika asilimia milioni 231 kwa mwaka mnamo Julai 2008, na yeye alieleza jinsi mshahara wa asubuhi ulivyotakiwa kugeuzwa kuwa mafuta ya kupikia au sabuni kabla ya jua kutua. Mlinganyo ulikuwa pale pale ubaoni, hakuna alama iliyobadilika, lakini darasa zima liliuelewa upya. Sidhani kama kuna chuo cha ng'ambo, hata kiwe tajiri kiasi gani, ambacho kingempa mwanafunzi wa Dar es Salaam saa kama ile.

Mafunzo ya aina hiyo yaliendelea hata nje ya darasa. Jioni, sisi wa Tanzania, Kenya na Uganda tulikuwa tukirudia masomo kwa Kiswahili, tukibishana kama "mnyumbuko" ni neno linalotosha kueleza jinsi mahitaji yanavyoitikia bei, mpaka Mkenya mmoja akatukata kauli: mama mboga akipandisha sukuma wiki tunahamia kabichi, akipandisha chumvi tunalipa tukinung'unika, na hiyo ndiyo mada yote. Wenzetu wa Malawi walicheka baada ya kutafsiriwa.

Jambo la pili linalostahili sifa ni mitihani. Hupitiwa na watahini wa nje, na matokeo hujadiliwa katika bodi ya taaluma inayowakutanisha wawakilishi wa vyuo mbalimbali, hivyo ni vigumu kwa idara moja kumbeba mtu wake au kumkomoa. Mwajiri wa Lusaka anayepokea cheti cha Dar es Salaam anajua ni kiwango gani kimepimwa. Katika nchi zetu, ambako malalamiko juu ya alama za uzamili mara nyingi huishia kwenye korido, hili si jambo dogo.

Sasa tasnifu. Baada ya Nairobi mwanafunzi hurudi chuoni kwake, na ule mfumo wote uliomsukuma, yaani ratiba, wenzake na macho ya watu wa nje, hubaki nyuma. Anabaki yeye na msimamizi mmoja. Mpango umejengwa hivyo kwa makusudi, kwa kuwa tasnifu ni ya chuo kinachotoa cheti, lakini kwa maoni yangu hapa ndipo mnyororo unapokuwa na pete nyembamba kuliko zote. Nilisoma na kijana hodari, ambaye nchi yake na chuo chake sitavitaja, aliyeongoza katika ekonometria na kututatulia wengine hesabu zetu. Aliporudi kwao alikaa miezi tisa akisubiri sura mbili zisomwe, kwa sababu msimamizi wake alikuwa katika kazi za ushauri karibu kila wiki. Aliajiriwa kabla ya kumaliza, na kwa muda mrefu aliandika kwenye wasifu wake "mtahiniwa wa uzamili", maneno ambayo mwajiri yeyote hujua maana yake. Ingekuwa mapenzi yangu, kungekuwa na wiki mbili za pamoja mwishoni mwa miezi ya Nairobi kwa ajili ya mapendekezo ya utafiti peke yake, yajadiliwe na watu wa nchi tofauti, na kila mmoja arudi nyumbani akiwa na takwimu zake mkononi na msomaji wa pili kutoka chuo kingine.

Kuhusu gharama sitasema mengi. Wapo wanaopata ufadhili na wapo wanaojilipia au kulipiwa na waajiri wao, na ushindani wa ufadhili ni mkali. Mfumo wenyewe kwa miaka mingi umetegemea kwa sehemu kubwa fedha za serikali na mashirika ya nje ya bara, ingawa baadhi ya benki kuu za Afrika nazo huchangia. Anayeomba leo aulize mapema ni kipi kinacholipwa na kipi hakilipwi, nauli na bima ya afya zikiwemo.

Lugha ni mpaka mwingine. CMAP ni ya Kiingereza. Nchi zinazofundisha kwa Kifaransa zina mpango dada uitwao PTCI, wenye makao yake Ouagadougou. Matokeo yake ni kwamba kijana wa Lubumbashi, anayezungumza Kiswahili kama mimi na ambaye nchi yake inapitisha shehena katika bandari ya Dar es Salaam, hakuwa darasani kwetu, ilhali Mghana niliyehitaji mwezi mzima kuzoea lafudhi yake alikuwepo. Namheshimu sana yule Mghana. Lakini biashara inayopitia bandari hiyo ningeijadili vizuri zaidi na huyo wa Lubumbashi.

Wanaoniuliza kama wachukue CMAP au MBA, yaani uzamili wa usimamizi wa biashara, huwa nawajibu kwa swali: unataka kueleza kwa nini bei ya saruji imepanda, au unataka kuuza saruji? Shule za biashara kama Strathmore ya Nairobi na Lagos Business School hufundisha sana kwa visa vya kampuni halisi, wanafunzi wake wengi huja na uzoefu wa kazi, na thamani kubwa ya ada zao ni watu unaokaa nao. ESAMI, taasisi ya usimamizi ya Arusha inayomilikiwa na serikali kadhaa za mashariki na kusini mwa Afrika, imewalea mameneja wengi wa mashirika ya umma. Huko hakuna atakayekuomba uthibitishe nadharia, na CMAP hakuna atakayekufundisha kuongoza watu. Nimewaona waliochanganya mambo haya mawili wakijuta, hasa wafanyakazi wa benki wawili watatu waliodhani ekonometria ni uhasibu uliochangamka.

Kwa upande wa matunda, ushahidi uko wazi kwa anayefuatilia majina. Watanzania watatu, Benno Ndulu, Delphin Rwegasira na William Lyakurwa, wamewahi kuiongoza AERC. Ndulu, aliyefariki Februari 2021, alikuja kuwa Gavana wa Benki Kuu ya Tanzania kuanzia 2008 hadi 2018. Njuguna Ndung'u aliyekuwa Gavana wa Benki Kuu ya Kenya kuanzia 2007 hadi 2015 alifanya kazi AERC kabla ya ugavana, akarudi baadaye kuiongoza, kisha mwaka 2022 akateuliwa kuwa Waziri wa Fedha. Hawa hawakuwa wanafunzi wa CMAP, bali ni watu wa kizazi kilichoijenga, na mhitimu anapoomba kazi katika idara ya utafiti ya benki kuu yoyote ya ukanda huu hana haja ya kuanza kueleza herufi zile nne zina maana gani. Kwa anayetaka kuendelea, mpango wa uzamivu wa pamoja uliofuata mwaka 2002 umejengwa kwa mtindo huo huo, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni miongoni mwa vyuo vilivyoupokea.

Kwa hiyo, kwa mtu anayelenga utafiti, benki kuu, wizara ya fedha au ualimu wa chuo kikuu, ningeipa CMAP alama nne kati ya tano, na ile ya tano naizuia mpaka suala la tasnifu lipatiwe dawa. Kwa anayeamua kwenda, rudia hesabu za mabadiliko (calculus) na za matriki kabla ya kuanza mwaka wa kwanza, si baada ya kushindwa jaribio; jifunze programu moja ya takwimu, kama Stata, mpaka vidole viizoee; na uingie Nairobi ukiwa tayari na swali la tasnifu, hata kama litabadilika, ili ulijaribu kwa walimu ambao hutawapata tena kwa urahisi. Beba pia sweta nzito. Mimi wa Pwani nilidharau ushauri huo, na Julai yote nilisoma uchumi wa kimataifa nikiwa nimejifunika blanketi la hosteli.