Uzoefu wangu na Django katika kutambua muunganisho salama

Nimekuwa nikiandika na kutunza programu za wavuti kwa Django, mfumo wa kuundia programu hizo kwa lugha ya Python, kwa muda mrefu sasa, na sehemu ninayotaka kuitolea maoni hapa ni ile mbinu fupi ya request.is_secure(), ambayo huiambia programu iliyoko kwenye seva kama ombi lililoingia limekuja kwa HTTPS au kwa HTTP isiyolindwa. Jibu lake ni ndiyo au hapana tu, lakini mengi hulitegemea: kama mtumiaji aelekezwe upya kwenye HTTPS, kama heda (mstari wa maelezo unaoambatana na ombi au jibu) ya HSTS, inayokiagiza kivinjari kitumie HTTPS pekee, itumwe, viungo kamili vinavyotengenezwa na programu vianze na nini, na hata kama fomu aliyoijaza mtu ipokewe au ikataliwe.

Ugumu wa jambo hili hauanzii Django. Katika mpangilio wa kawaida, usimbaji fiche huishia kwenye proksi, yaani seva ya kati iliyo mbele ya programu, kwa mfano Nginx, na kutoka hapo ombi hufikishwa kwenye programu kwa HTTP ya kawaida, kwa hiyo programu ikitegemea kile inachokiona yenyewe itadhani kila mgeni amekuja bila ulinzi. Kutazama namba ya mlango hakusaidii, kwa sababu programu iliyo nyuma ya proksi haisikilizi kwenye 443, mlango wa kawaida wa HTTPS. Ndiyo maana proksi huongeza heda ya X-Forwarded-Proto kueleza mteja alitumia njia ipi. Lakini heda ni maandishi tu, na yeyote mwenye curl, zana ya kutuma maombi ya wavuti kwa kuandika amri, anaweza kuiandika na kudai kuwa amekuja kwa HTTPS.

Hapa ndipo Django iliponiridhisha. Kwa chaguo-msingi haiiamini heda hiyo hata kidogo: mpangilio wa SECURE_PROXY_SSL_HEADER hubaki mtupu hadi msimamizi mwenyewe aandike jozi ya ('HTTP_X_FORWARDED_PROTO', 'https'). Nimekutana na misimbo mingi ya kujitungia inayokubali dalili yoyote itakayojitokeza, iwe ni namba ya mlango au heda, na kwa maoni yangu huo ni ulinzi wa jina tu, kwani humjibu "salama" kila anayejua kughushi mstari mmoja.

Kasoro ninayoiona ni kwamba mpangilio huo ukisahauliwa, dalili hujitokeza mbali na chanzo. Ukiwa umewasha SECURE_SSL_REDIRECT, mpangilio unaoelekeza kila ombi la HTTP kwenye HTTPS, kivinjari huzungushwa bila kikomo, na hilo angalau hugundulika mara moja. Gumu zaidi ni la fomu. Tangu toleo la 4.0, Django huikagua heda ya Origin inayotumwa na kivinjari kueleza fomu imetoka tovuti ipi. Kivinjari husema https, Django inayojiona iko kwenye HTTP hutarajia http, na mtumiaji hukutana na kosa la 403, yaani ombi lake hukataliwa. Wengi huponya dalili kwa kuiongeza tovuti yao kwenye CSRF_TRUSTED_ORIGINS, orodha ya tovuti ambazo fomu zake huaminiwa. Fomu huanza kupita, kila mtu hufurahi, kumbe is_secure() bado inajibu hapana, HSTS haitumwi, na barua pepe za kubadilisha nenosiri zinaendelea kutoka na viungo vinavyoanza na http. Kiungo cha namna hiyo hubeba tokeni (msimbo wa siri) ya kubadilishia nenosiri, na kukipitisha njia isiyolindwa si jambo la kupuuza.

Upande wa Nginx unahitaji mstari mmoja, proxy_set_header X-Forwarded-Proto $scheme;, ambao huifuta thamani iliyoletwa na mteja na kuweka ile ya kweli. Palipo na proksi mbili, na usimbaji fiche ukaishia kwenye ile ya kwanza, mstari huohuo ukiwekwa kwenye ya pili huharibu mambo, kwa sababu yenyewe imepokea http na itaandika http. Katika hali hiyo proksi ya kwanza ndiyo iandike, ya pili ipitishe tu, na njia zote za kuifikia programu bila kupitia ya kwanza zifungwe.

Kwa ujumla ninaipa Django alama za juu katika eneo hili na ninaendelea kuitumia. Ninachokitamani ni amri ya manage.py check --deploy, inayokagua mipangilio ya usalama kabla ya tovuti kufunguliwa, iongezewe uwezo. Leo hutoa maonyo kuhusu HSTS, vidakuzi na uelekezaji upya, lakini haisemi lolote kuhusu heda ya proksi, ingawa nyaraka rasmi zinaonya waziwazi kwamba kuiwasha pasipo proksi inayoisafisha ni hatari. Kwa sasa jaribio hilo nalifanya mwenyewe kila ninapoweka toleo jipya: natuma ombi kwa HTTP kupitia curl, nikiambatisha X-Forwarded-Proto ya uongo yenye thamani ya https, na nisipoelekezwa upya kwenye HTTPS, naizuia tovuti hiyo isifunguliwe kwa watu hadi proksi irekebishwe.