Demon Internet: intaneti ya pauni 10 kwa mwezi

Tangu nihamie London nimelipia intaneti kwa kampuni kadhaa, na mpaka leo hakuna niliyoipenda kama Demon, ile ya kupiga kwa simu ya mezani. Cliff Stanford aliianzisha Finchley mwaka 1992, wakati intaneti ya Uingereza ilikuwa mali ya vyuo vikuu na makampuni makubwa. Yeye akaifungulia mtu yeyote mwenye modemu, kifaa cha kuunganisha kompyuta na simu, na pauni 10 za mwezi, kodi juu yake.

Kwa bei hiyo ulipewa anwani yako ya kudumu ya IP, yaani namba inayoitambulisha kompyuta yako kwenye intaneti, zile zilizoanza na 158.152, na jina lako mwenyewe mbele ya demon.co.uk. Anwani za barua pepe chini ya jina hilo ulijitungia utakavyo. Nyumbani kwetu mke wangu alikuwa na yake, na shemeji alipokuja kutembea naye akapata yake siku hiyohiyo, bila kumwomba mtu ruhusa wala kuongeza senti. Ukishaunganishwa, seva yao ilizileta barua hadi ndani ya kompyuta yako. Kwenye KA9Q, programu ya kuiunganisha kompyuta na intaneti, ulizitazama zikiingia, mstari baada ya mstari, kwenye kioo cheusi cha DOS, mfumo wa kompyuta wa zamani wa kuandika amri. Zikiisha, unakata simu, unasoma na kujibu taratibu, dakika hazihesabiki.

Dakika ndizo zilizouma, maana za simu zililipwa kando, nje ya zile pauni 10. Mimi nilikuwa kaskazini mwa London, kwangu ilikuwa simu ya mtaani, na nilingoja saa 12 jioni bei ishuke. Miaka ile ya mwanzo, aliyekaa mbali na vituo vyao vya kupigia alilipa simu ya masafa, na huyo nisingemshauri ajiunge. Wala haikuwa huduma ya mtu asiyeijua DOS. KA9Q ilitaka mtu wa kukaa nayo.

Mwaka 1998 Demon ikauzwa kwa Scottish Telecom kwa pauni milioni 66.

Kampuni ninayoilipa sasa inanipa kasi ambayo mwaka 1992 hakuna aliyeiota. Nilipowaomba anwani ya kudumu, nikaambiwa hiyo ni ya wateja wa biashara, niongeze pesa.

Demon naipa nyota tano, hata na bili zile za simu.