Upinde Mpya wa Kapi: Ninunue, au Nibaki na Kikongwe Changu?

Asalaam aleikum, hamjambo watazamaji. Leo msiende popote, maana hii niliyoshika ni mali ya watu na mwenyewe anaitaka Ijumaa.

Kwa mgeni wa chaneli: hapa ni Malindi, nyuma ya nyumba yetu. Lile pale ni gunia nimelijaza matambara na usumba, na ndilo windo langu. Kenya uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977, kwa hivyo kabla hujaniandikia "bwana, tupigie digidigi", tafadhali. Anayewinda ni binamu yangu. Yeye yuko Marekani, na msimu ukifika anapanda mtini alfajiri, kibali mfukoni, anamngoja kulungu. Amekuja likizo na upinde mpya wa kapi, ule wenye magurudumu nchani, ati, "Nakuachia kwa bei ya ndugu, hicho kikongwe chako kitupe." Kikongwe ndicho hiki, cha 2009, nilikinunua kwa mtu. Na nyinyi wa ughaibuni mnaowinda, kila wiki ni lilo hilo: nibadilishe au nisibadilishe?

Urefu, rangi, uzito, yote yako kwenye boksi, siwasomei. Nataka muone kitu kimoja tu.

Mdogo wangu, sogeza kamera. Hii mizani nimeazima kwa muuza samaki, bado inanuka nguru. Nimeitundika kwenye mwembe, ndoano nimeitia kwenye upote, kamba ya upinde, nami naushika upinde nauvuta chini. Tazameni sindano. Kumi... ishirini... ishirini na saba. Hapa mabega yanaomba msamaha. Navuta bado... haya, sasa! Mmeona? Imeanguka. Kilo nne! Ilikuwa ishirini na saba, sasa nimeshikilia kilo nne, naongea na nyinyi, napumua. Wallahi mara ya kwanza nilidhani nimevunja kitu.

Naurudisha polepole. Polepole, msije mkaachia, nitawaambia kwa nini.

Mtu wa Lamu huhitaji kumweleza kapi. Foromali, ule mti wa tanga, haipandi juu ya mlingoti kwa ubavu peke yake, kamba yake, jarari, inapita kwenye kapi na watu wachache wanaipandisha. Hapa nako ziko kapi, moja juu, moja chini, ila si duara. Angalia hii, imekaa kama yai lililokosewa. Ukifika mwisho wa kuvuta, upote unatokea upande ulio mbali na ekseli, na kebo inayokunja mbawa, ile mikono miwili ya upinde, iko karibu na ekseli. Basi nguvu yako ndogo inaizuia nguvu kubwa. Mwenye akili hiyo ni Mmarekani wa Missouri, Holless Wilbur Allen, alipewa hataza mwaka 1969.

Sasa kikongwe. Ishirini na saba vilevile... mwisho, tisa na nusu. Huu mpya unalegea asilimia 85, changu 65. Ukisoma kwenye karatasi unaona tofauti ndogo. Haya, shika kilo tisa na nusu mkono umekunjwa, kulungu kajificha nusu mwili nyuma ya mti anatafuna tu, nawe huwezi kutikisika. Binamu anasema ameshangoja zaidi ya dakika nzima hivyo. Mimi na changu, sekunde thelathini mkono unacheza chakacha.

Halafu nawakumbuka Wawata, waliokuwa wakiitwa Waliangulu, huku bara kwetu kuelekea Galana. Pinde zao zilivuta zaidi ya ratili 100, hiyo ni kilo 45 na ushee. Mti na upote, basi, hakuna cha kulegea. Na kwa mshale wa sumu ya msunguti walimwangusha ndovu. Sisi hapa tunalilia kilo tisa.

Kinachoniudhi sasa. Boksi limeandikwa kwa herufi kubwa: futi 340 kwa sekunde. Kasi hiyo hupimwa kwa upinde wa ratili 70, mvuto, yaani umbali unaovuta upote, wa inchi 30, mshale mwepesi wa greni 350, kama gramu 23. Mimi mvuto wangu inchi 27, upinde nimeuweka ratili 60, ndizo zile kilo 27, mshale wangu mzito. Kila inchi ya mvuto inayopungua inaondoka na kama futi kumi. Hiyo 340 mimi sitaiona hata ndotoni.

Na hata ungeipata! Piga hesabu nami. Kulungu yuko mita 27. Sauti ya upinde inamfikia kwa takriban sekunde 0.08. Mshale wa mita 80 kwa sekunde unafika baada ya 0.34, wa mita 95 baada ya 0.28. Mishale yote imechelewa, kulungu ameshasikia, ameshainama kuruka. Kwa hivyo cha kulipia ni ukimya. Sikilizeni: hiki changu... twaa! Kuku wa jirani wote juu. Huu mpya... tup. Hata paka hakuamka. Hapo nampa maksi zake. Lakini nikitia mshale mzito kwenye changu, kelele inapungua vilevile, na hiyo ni bei ya mishale tu.

Msiniulize kampuni ipi ya pinde ni bora, Hoyt au Mathews. Hiyo ni kama ushabiki wa Gor na Ingwe kwenye mpira, nikijibu nusu ya chaneli inahama. Na ile video ya fimbo ya kuvulia kolekole iko tayari, stima tu ndiyo ilinikatisha nikiihariri.

Nilisema msiachie upote bila mshale. Mwaka jana kijana wa jirani alikuja, nikageuka kuchukua maji, nikasikia pah! Kavuta, kaachia mtupu. Nguvu iliyokuwa iende na mshale ilirudi kwenye mbawa. Upote umechomoka kwenye kapi, ubawa una ufa kama unywele. Nilipitisha kipande cha pamba juu yake, nyuzi zikanasa, ndipo nikauona. Ubawa mzima nikabadilisha.

Bei. Mpya dukani kule ni zaidi ya dola 1,200, na huo ni mtupu: hauna kilengeo, hauna mishale. Kwetu ni kama shilingi 155,000 kabla hujalipa usafiri na ushuru. Binamu anataka 90,000.

Nilipoanza kurekodi nilikuwa nishakata shauri nanunua, msinicheke. Lakini upote wa changu una miaka mitano, na hubadilishwa kila miaka miwili mitatu. Ona hapa ulivyochanika manyoya, na chumvi ya bahari imekula ekseli. Nikiweka upote na kebo mpya, nikatia mafuta, nikanunua mishale mizito, sifiki hata robo ya 90,000. Wewe unayepanda mtini na bega linakuuma, huu nunua, usijifikirie mara mbili. Mimi gunia langu halijifichi nyuma ya mti, wala halijawahi kunikimbia.

Huyo anabisha hodi, na leo si Ijumaa. Mdogo wangu, zima kamera, nikamwambie mwenyewe.