Sopwith Camel ya milimita 59: mapitio ya boksi la ndege ndogo za mchezo wa vita

Kwa wiki tatu nimekuwa nikiunganisha boksi la ndege mbili za plastiki aina ya Sopwith Camel, ndege ya kivita ya Uingereza ya Vita vya Kwanza vya Dunia yenye bawa la chini na la juu, za kipimo cha 1 kwa 144, nilizozinunua kwa ajili ya mchezo wa mezani wa vita vya angani. Kipimo hicho ndicho kinachotumika katika ndege za Vita vya Kwanza za mchezo uitwao Wings of Glory, kwa hiyo zinaweza kupangwa meza moja na zile za mchezo huo zinazouzwa zikiwa zimekwisha kupakwa rangi. Camel yenyewe ilikuwa na mita 8.53 kutoka ncha moja ya bawa hadi nyingine. Hapa ni milimita 59, fupi kuliko kidole changu cha kati.

Vipande vimechongwa vizuri kuliko nilivyotarajia. Nundu iliyo mbele ya kiti cha rubani, iliyofunika sehemu ya nyuma ya bunduki mbili za Vickers na kuipatia ndege jina la ngamia, inaonekana wazi, na mbavu za mabawa hujitokeza mara tu unapopitisha juu yake brashi yenye rangi kidogo sana.

Udhaifu uko kwenye nguzo. Kila ndege ina nane: nne fupi zinazotoka kwenye kiwiliwili, na nne za pembeni zinazounganisha bawa la chini na la juu. Zimetolewa mojamoja, nyembamba kama njiti ya kiberiti iliyopasuliwa mara nne, na matundu ya kuzipokea hayana kina cha kutosha kuzisimamisha. Ndege ya kwanza niliiunganisha kama karatasi ya maelekezo inavyoagiza, yaani nguzo zote kwanza, kisha bawa la juu. Nilipoliteremsha bawa, nguzo mbili zililala. Nilipozisimamisha kwa kibano, nyingine mbili zikalala. Supagluu hushika upesi zaidi penye unyevu, nasi wa pwani hatuna uhaba wa unyevu, kwa hiyo nguzo iliyokaa upande ilibaki upande.

Kosa lililofuata lilikuwa langu, ingawa karatasi ingeweza kuniepusha nalo kwa sentensi moja. Bawa la chini lilikuwa limeinuka kuelekea nchani ilhali la juu limenyooka, nami nikadhani plastiki imejipinda kwa joto safarini, nikalitia kwenye maji ya moto na kulinyoosha. Kumbe ndivyo Camel ilivyoundwa: bawa la chini liliinuka nyuzi 5, na la juu lilinyooshwa ili kurahisisha kazi kiwandani. Ndiyo maana nafasi kati ya mabawa hupungua kadiri unavyoelekea nje, na ndiyo maana nguzo zangu za pembeni hazikufika juu.

Ndege ya pili niliianzia kichwa chini. Kwa kuwa bawa la juu limenyooka, hulala vyema mezani. Nikazidisha kina cha matundu kwa drili ya mkono, nikasimamisha nguzo nne za katikati pekee, na kiwiliwili nikakikalisha juu yake kikiwa kimeshikwa na kiunzi nilichokata kutoka boksi la viatu. Kikalala hivyo hadi asubuhi. Nguzo za pembeni nilizipenyeza baadaye, mojamoja, kwa gundi inayokauka polepole. Rangi nilikuwa nimekwisha kupaka, kahawia ya kijani juu na rangi ya kitani chini, kwa sababu mabawa yakishaungana brashi haipiti. Ndege hii imeshaanguka kutoka mezani mara mbili bila kuvunjika nguzo hata moja.

Waya za kukaza mabawa sikuziweka, kwani ndege ya mchezo hushikwashikwa na mikono ya watu wengi. Jambo ninalomlaumu mtengenezaji zaidi ni kutoacha tumboni tundu la kisimamio kinachoinua ndege juu ya meza, hali boksi limeandikwa kuwa ni la mchezo. Ilinibidi nigandishe sumaku ya milimita 3 ya kushikia kisimamio kabla ya kufunga kiwiliwili.

Kwa anayeanza, boksi hili silipendekezi. Atafute kwanza Fokker D.VII, ndege ya Kijerumani ya vita hivyo hivyo, ambayo haikuwa na waya kati ya mabawa, na nguzo zake za pembeni zina umbo la herufi N, kwa hiyo hujishikilia vizuri zaidi. Mwenye uzoefu atapata Camel nzuri sana akiitupa karatasi ya maelekezo.

Mimi sasa nimefungua B.E.2c, ndege ambayo kikosi cha 26 cha Afrika Kusini kiliirusha katika vita vya Afrika Mashariki mwaka 1916. Hiyo ina nguzo 12, na kiunzi chake nimekwisha kukikata kabla ya kugusa gundi.