Tahadhari: Anayejitangaza kuunga na kuchovya kromu mapambo ya magari ya zamani

Ndugu wamiliki na mafundi wa magari ya zamani, naandika kuwatahadharisha juu ya mtu anayejitangaza mitandaoni kwamba anachomelea mapambo yaliyovunjika ya kusubu (metali iliyoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu), yaani vishikio vya milango, fremu za taa na nembo za boneti, kisha anayachovya kromu mpya hadi yarudie hali ya kiwandani. Anapokea kazi kutoka Dar es Salaam na mikoani kwa njia ya mabasi, anataka alipwe fedha zote kabla ya kuanza, na anachorudisha ni kipande kilichojazwa bodifila, ule uji wa kuzibia mabonde ya bodi ya gari unaokauka na kuwa mgumu, na kupuliziwa rangi ya fedha. Simtaji kwa jina kwa sababu majina ya kurasa zake hubadilika kila malalamiko yanapozidi, na msomaji atakayezijua mbinu zake atamtambua hata akija kwa jina jingine.

Tangazo lake hupambwa kwa picha ya Peugeot 404, na hilo halikutokea kwa bahati. Wazee wa Dar es Salaam bado wanamkumbuka Bert Shankland aliyeshinda Safari Rally kwa gari hilo mwaka 1966 na 1967, na wenye magari ya aina hiyo wako tayari kutoa fedha nyingi kuliko akili inavyoruhusu ili kuokoa kipande ambacho hakipatikani tena dukani. Mimi nilimpelekea kishikio cha mlango kilichokatika shingoni, karibu na pale kinapoingia kwenye mlango, nikalipa shilingi 180,000 kwa simu. Kilirudi kikiwa kimefungwa kwenye gazeti, kinang'aa kweli kweli. Baada ya kukaa juani kwa muda kilianza kuonyesha mstari mwembamba kama unywele mahali palepale kilipokatika, na nilipopitisha ukucha, rangi ilitoka kwa ukanda mmoja mrefu. Chini yake kulikuwa na bodifila ya kijivu, chini ya bodifila kulikuwa na supagluu, na pembeni vile vishimo vya kutu ya zamani kwenye kromu ya kiwandani vilikuwa bado vipo vyote, havijaguswa hata kwa msasa. Abiria wa kwanza aliyevuta mlango kwa nguvu alibaki na kishikio mkononi.

Dai lake la kuchomelea ndilo linalopaswa kumfumbua macho mtu mapema. Mapambo mengi ya magari ya miaka ya 1950 na 1960 yamesubiwa kwa aloi (mchanganyiko wa metali) ya zinki yenye takriban asilimia 4 ya alumini, aina iliyobuniwa na kampuni ya New Jersey Zinc ya Marekani mwaka 1929, na aloi hiyo huyeyuka kwenye nyuzi joto 380 hivi za Selsiasi. Shaba ya kuunganishia inahitaji nyuzi zaidi ya 800, kwa hiyo fundi akielekeza moto wa gesi wa aina hiyo kwenye nembo ya boneti, nembo itadondoka sakafuni kabla shaba haijaanza hata kulainika. Welding ya umeme ni mbaya zaidi, kwa sababu zinki huchemka kwenye nyuzi 907 na moshi wake mweupe humletea anayeuvuta homa ya kutetemeka saa kadhaa baadaye, inayofanana sana na malaria. Tazameni pia video anayoituma kwa wateja: kipande kinasagwa kwa grinda na cheche za njano zinaruka hadi ukutani. Zinki haitoi cheche ikisagwa. Kinachosagwa pale ni chuma cha kawaida, wala si kishikio cha mtu yeyote.

Mtu huyohuyo huuza pia vijiti vya kuyeyusha kwa moto mdogo, akionyesha kopo la alumini lenye tundu linavyozibwa kwa dakika moja. Vijiti vya aina hiyo vipo na kwenye alumini vinaweza kufanya kazi, kwa kuwa alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660. Vingi vyao lakini vimetengenezwa kwa zinki na alumini, na huyeyuka karibu na joto lilelile linaloyeyusha pambo lako, hivyo kijiti na pambo huweza kuwa uji kwa pamoja. Yeye anavinadi kwa kazi hiihii ya mapambo, na hilo halisemi popote.

Kuhusu kromu, kazi halisi ni ndefu na haifichiki. Kromu ya zamani huondolewa kwanza, vishimo husafishwa na kujazwa, kipande huchovywa kwenye shaba, husuguliwa hadi kiwe laini, huchovywa nikeli, na mwisho kabisa hupata utando wa kromu ambao ni mwembamba kuliko hata maikroni moja, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Utando huo haufuniki kasoro yoyote. Kila mkwaruzo wa chini unaonekana juu. Shaba ya kwanza juu ya zinki kwa kawaida hupakwa katika maji yenye sianidi, kemikali ya kuua, kwa sababu maji ya asidi yanaila zinki. Fundi anayefanya kazi hiyo ana karakana yenye matangi, na akiombwa picha ya kipande chako kikiwa chekundu kwa shaba kabla ya nikeli, anayo. Huyu nilipomwomba picha hiyo alinijibu kwamba mtambo wake unaruka hatua ya shaba.

Kabla ya kulipa salio, au kabla ya kuondoka na kipande, chukueni mita ya fundi umeme iliyo kwenye mlio wa kupima waya, guseni kwa ncha zote mbili juu ya sehemu inayong'aa. Kromu halisi inapitisha umeme na mita italia. Rangi ya kupuliza haitalia. Pamba yenye tina, kimiminika cha kuyeyushia rangi, pia hutoa rangi nyepesi, ingawa rangi iliyofunikwa kwa klia ngumu, yaani vanishi angavu ya juu, inaweza kuvumilia, ndiyo maana mimi naiamini mita zaidi. Msidanganywe na sumaku. Yeye hupenda kuonyesha kwamba sumaku haishiki na kusema huo ni uthibitisho wa kipande halisi, lakini sumaku haishiki zinki, haishiki alumini na haishiki bodifila.

Jambo la alumini lina uzito wake. Wenzetu wawili walirudishiwa vipande vizima visivyo na ufa wowote, wakafurahi, na baadaye wakagundua kwamba ni nakala zilizosubiwa kwenye mchanga kwa alumini chakavu, huku vile vya kiwandani vikiwa vimebaki kwake. Sentimita moja ya ujazo ya aloi ya zinki ina takriban gramu 6.6, na ya alumini ina gramu 2.7, kwa hiyo nakala ina uzito usiofika nusu. Pimeni kipande kwenye mizani ya duka kabla ya kukituma, kipigeni picha ndani na nje, na mkwangue alama ndogo upande wa nyuma usioonekana.

Fundi mwaminifu wa kazi hii husema mipaka yake. Atakwambia kwamba kipande kilichovunjika mahali penye mzigo, kama shingo ya kishikio, kinahitaji pini ya chuma ndani na gundi ya epoksi, au kipakwe shaba kwanza ndipo kilehemiwe kwa risasi na bati inayoyeyuka kwenye nyuzi 183, mbali na joto linaloua zinki. Atakwambia pia kwamba baadhi ya vipande vya kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, vilivyosubiwa kwa zinki yenye uchafu wa risasi na bati, vimeoza ndani na haviungiki kwa njia yoyote. Huyu tunayemzungumzia hajawahi kukataa kazi.

Ambao wameshatapeliwa wasifute mazungumzo. Hifadhini ujumbe, stakabadhi za malipo ya simu na risiti za mizigo ya basi, kisha mfungue taarifa polisi, kwa kuwa udanganyifu wa aina hii unaangukia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Namba ya simu ya tapeli inaripotiwa kwa ujumbe kwenda 15040. Wenye vipande ambavyo bado viko kwake wavidai sasa hivi, vikiwa vimevunjika vilevile, na wasikubali kuongeza fedha ya "nikeli ya pili" ambayo amekuwa akiiomba wiki hizi.