TanzLII kwa anayeandaa kitabu cha rejea cha kitengo cha sheria: inafaa, ila kwa masharti

Ukiwa afisa sheria wa wakala, halmashauri au shirika la umma na umekabidhiwa kazi ya kuandaa kitabu cha rejea cha kitengo, tovuti ya kwanza utakayofungua ni TanzLII. Ni ya Mahakama ya Tanzania, haina malipo, na humo utakuta hukumu za Mahakama ya Rufani na Mahakama Kuu, sheria, na Magazeti ya Serikali. Tathmini hii haimlengi anayesaka kesi moja ya kesho asubuhi. Inamlenga anayekusanya majibu ya maswali yanayojirudia, ili wakili wa serikali aliyesimama koridoni akisubiri shauri liitwe apate kifungu na hukumu ndani ya dakika mbili. Kwa kazi hiyo tunaipa nyota nne kati ya tano. Nyota iliyokatwa inahusu matoleo ya sheria, na tutaifikia.

Kilicho bora kuliko vyote ni namba ya rejea. Kila hukumu hupewa mwaka, alama ya mahakama na namba yake: TZCA kwa Mahakama ya Rufani, TZHC kwa Mahakama Kuu. Wengi bado wananukuu kwa namba ya shauri na kumalizia na "haijaripotiwa", na kitabu kilichojengwa hivyo hakidumu. Rufani yenye namba ile ile inaweza kuwa na uamuzi mdogo wa kuruhusu kumbukumbu za rufani zirekebishwe, kisha hukumu yenyewe mwaka unaofuata. Msomaji akipewa namba ya rufani peke yake hajui umenukuu upi. Kuna pia ule mkwaju (/) na tarakimu zinazofuata kwenye namba za maombi ya Mahakama ya Rufani. Ukiuacha kwa kudhani ni kosa la uchapaji, huyapati tena. Kwa hiyo andika vyote: majina ya wadaawa, namba ya shauri pamoja na mkwaju wake, rejea ya TZCA au TZHC, tarehe ya uamuzi, na ukurasa wa ile aya unayoitegemea. Ukurasa uwe wa PDF, maana ndiyo utakayoambatisha kwenye orodha ya hukumu utakazozitegemea mahakamani.

La pili ni ile orodha ya maamuzi yaliyoinukuu hukumu unayoisoma. Kwa mwandaaji wa kitabu hii ni hazina, lakini isomwe kwa akili. Orodha inakuambia nani ameitaja, haikuambii kama amekubaliana nayo, ameitofautisha au ameiacha. Hakuna njia ya mkato: fungua maamuzi ya Mahakama ya Rufani yaliyo kwenye orodha, ukianza na la karibuni kabisa, kwa sababu msimamo wa Mahakama hiyo ni kwamba maamuzi yake mawili yakigongana, kwa kawaida hufuatwa lililotolewa mwisho. Maamuzi ya Mahakama Kuu pitia baadaye, na chukua yale tu yanayojibu jambo ambalo Mahakama ya Rufani haijaligusa.

Kwenye kutafuta, tafuta kwa lugha mbili. Tangu marekebisho ya 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama, lakini sehemu kubwa ya hukumu utakazohitaji ziliandikwa kwa Kiingereza. Anayetafuta "notisi ya kusudio la kushtaki" peke yake anaambulia kidogo. Kumbuka pia kwamba hukumu iliyoingizwa kama picha ya karatasi hailetwi vizuri na neno lililomo ndani yake. Hiyo itafute kwa majina ya wadaawa au kwa mwaka.

Sasa matoleo. Sheria zetu zimepita Toleo la 2002, kisha baadhi zikachapishwa upya kwa Toleo la 2019, na Toleo la 2023 likaanza kutumika tarehe 1 Julai 2025. Sheria moja inaweza kuonekana zaidi ya mara moja kwenye matokeo ya utafutaji, na ya zamani ikatangulia. Toleo jipya linaweza kukipa namba ya kawaida kifungu kilichokuwa na herufi, na vinavyokifuata vyote vikasogea. Hukumu ya 2021 inataja kifungu kwa namba ya wakati wake. Ukinakili namba hiyo kwenye kitabu bila kutaja toleo, wakili atasimama mbele ya jaji na kusoma kifungu kinachozungumzia jambo jingine kabisa. Kanuni yetu ni moja tu: namba ya kifungu haiandikwi uchi. Inaandikwa na Sura na toleo, na pale ilipohama ziandikwe zote mbili, ya zamani iliyotajwa kwenye hukumu na ya sasa. Kulinganisha namba hizi TanzLII haikufanyii. Ni jedwali utakalolijenga mwenyewe, na ndilo linalokula muda kuliko yote.

Huu ni mfano wa ingizo moja jinsi linavyopaswa kukaa kwenye ukurasa:

Swali: Halmashauri au wakala wa serikali anaweza kushtakiwa bila kumuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali?
Jibu: Hapana. Asipounganishwa, mwenendo wa shauri unabatilika.
Chanzo: Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali, Sura ya 5, kifungu cha 6 kama kilivyorekebishwa na Sheria Na. 1 ya 2020. [Namba ya kifungu kidogo katika toleo la sasa.]
Yaendayo pamoja: notisi ya siku 90, na nakala kwa Mwanasheria Mkuu.
Hukumu: [rejea, ukurasa, sentensi mbili za msingi wa uamuzi].
Imehakikiwa: [tarehe, herufi za jina la aliyehakiki].

Mstari wa mwisho ndio unaorukwa kila mara, na ndio unaotofautisha kitabu cha rejea na mkusanyiko wa vivuli. Jibu lisizidi mistari miwili. Ukiona linahitaji aya nzima, ujue umeunganisha maswali mawili, yatenganishe.

Ukurasa utakaochakaa kwanza ni wa muda. Kosa lake la kawaida ni kuandika idadi ya siku bila kusema zinahesabiwa kuanzia lini. Notisi ya rufani kwenda Mahakama ya Rufani ni siku 30 tangu uamuzi. Kumpelekea mjibu rufani nakala yake ni siku 14 tangu iwasilishwe. Rufani yenyewe ni siku 60, na hizi zinahesabiwa tangu notisi ilipowasilishwa. Barua ya kuomba nakala za mwenendo iandikwe ndani ya siku 30 tangu uamuzi, na mjibu rufani apewe nakala ya barua hiyo. Bila hivyo mrufani hanufaiki na kuondolewa kwa siku alizosubiri nakala. Msajili ana siku 90 za kuziandaa, na zikipita kimya mrufani anatakiwa afuatilie mwenyewe ndani ya siku 14. Wanaosubiri tu wapigiwe simu huumia hapa. Mapitio ya kimahakama: kibali kiombwe ndani ya miezi 6, na kikitolewa, maombi yenyewe yaingie ndani ya siku 14. Kazi: siku 30 kufika CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) kwa mgogoro wa kuachishwa, siku 60 kwa migogoro mingine. Kwa watumishi wa umma ongeza onyo kwa wino mzito, kwamba tangu Sheria Na. 13 ya 2016 sharti wamalize kwanza ngazi za rufaa zilizo kwenye Sheria ya Utumishi wa Umma. Pingamizi hilo limezima mashauri mengi mapema, na kitabu kisicholitaja kina upungufu mkubwa.

Kuhuisha ndiko kunakoua vitabu hivi. Gazeti la Serikali hutoka Ijumaa, kwa hiyo Jumatatu iwe ya kupitia nyongeza zake. Macho yawe kwenye sheria za marekebisho ya sheria mbalimbali, kwa sababu kichwa chake hakikuambii kilichofichwa ndani. Sheria Na. 11 ya 2023 iliondoa sharti la kuomba kibali kabla ya kukata rufani za madai kwenda Mahakama ya Rufani, ikaanza kutumika Desemba mwaka huo, na kwa siku moja kurasa nzima za vitabu vya rejea zikawa historia. Cheti cha hoja ya kisheria kwa mashauri yaliyoanzia mahakama ya mwanzo hakikuguswa, na aliyefuta sura nzima kwa furaha alifuta na hicho. Manunuzi nayo vivyo hivyo: Sheria Na. 10 ya 2023 ilifuta ile ya 2011, kwa hiyo hukumu iliyotafsiri sheria ya zamani isihamishiwe kwenye kitabu kipya mpaka maneno ya vifungu viwili yawekwe sambamba na kusomwa.

Kwa uchapaji, chagua faili la pete la A5 lenye kurasa za kuchomoa, si kujalada. Kila ukurasa uwe na tarehe yake chini, na namba zianze upya kwa kila sura ili ukibadilisha kurasa nne za manunuzi usilazimike kuchapa ajira na ardhi. Kwenye kompyuta tumia mitindo ya vichwa vya habari tangu siku ya kwanza. Yaliyomo yajiandike yenyewe. Anayeyaandika kwa mkono atakuwa na yaliyomo yasiyolingana na kurasa kabla ya marekebisho ya tatu.

Vipo ambavyo hutavipata TanzLII na usivitafute huko: nyaraka za utumishi, miongozo ya ndani, na maoni ya kisheria ambayo taasisi imepewa na Ofisi ya Mwanasheria Mkuu. Hayo yakae kwenye juzuu ya pili yenye daftari la kusaini anayeazima. Juzuu ya kwanza inakwenda mahakamani kwenye mkoba, na ikisahaulika juu ya meza ya mawakili, kilichopotea ni karatasi tu. Ya pili isitoke masijala.